Ng'ombe Wamerudi? Tahakiki ya Sauti Moja

Kila jioni, jua linapoanza kuegemea upande wa Ziwa, mama yangu huuliza iwapo ng'ombe wamerudi. Huuliza akiwa ameketi juu ya kigoda mlangoni mwa nyumba yake, katika kijiji chetu kilicho juu ya mji wa Tarime, huku amekaza macho kwenye njia ya kisimani. Ng'ombe anaowauliza walichukuliwa usiku mmoja wa mwaka 1986 na wezi wa mifugo. Hawakurudi. Zizi lenyewe halipo, pamepandwa migomba.

Huuliza mara moja, ukamjibu. Kabla hujamaliza kukaa, huuliza tena. Siku moja nilihesabu. Mara ya kumi na moja nikamfokea. Nakiri jambo hili mapema, ndugu msomaji, ili usije ukadhani kwamba ninayoyasema hapa chini kuhusu mashine ni maneno ya mtu mwenye haki ya kuitazama kwa dharau. Mashine haikumfokea mama yangu hata mara moja.

Mashine yenyewe ililetwa Novemba 2024 na mtoto wa mdogo wangu, kijana anayefanya kazi ya kompyuta mjini Mwanza. Ilikuwa simu ya kawaida, ila ndani yake alikuwa ametia programu ya kuzungumza: unaisemesha, nayo inajibu kwa sauti. Alikuwa ameilisha habari za mama: jina lake, majina ya watoto na wajukuu, dawa zake za shinikizo la damu, majira ya kula. Akaiweka juu ya sanduku la nguo, akaiunganisha na umeme wa jua, akaniambia, "Baba mkubwa, sasa bibi hatakuwa peke yake."

Sababu ya kuileta ilikuwa ya haki kabisa. Kwa miaka miwili mama alikuwa akilala na mjukuu wake, binti wa miaka kumi na minne. Binti huyu ndiye aliyemwamsha, akamwosha, akamkumbusha dawa, akamzuia asitoke usiku. Septemba ya mwaka ule alifanya mtihani wa darasa la saba, akafaulu, na Januari alitakiwa kwenda bweni. Kwa hiyo swali halikuwa kama mashine ni nzuri au mbaya. Swali lilikuwa nani atakaa na mama, na kama jibu ni binti, basi shule ya binti ndiyo itakayolipa gharama. Katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti tumekwisha kuwatoza mabinti gharama nyingi mno.

Mimi nimefundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na miwili, na ugonjwa wa kazi hiyo ni kwamba huwezi kusikia mtu anasema bila kumhakiki. Fani na maudhui, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Nimeyaandika ubaoni mpaka chaki imeniingia mapafuni. Basi nilikaa na sauti ile siku kumi na nane, nikaihakiki kama ambavyo ningehakiki tamthilia iliyoletwa kijijini.

Nianze na lugha, maana huko ndiko ilikojikwaa kwanza. Kiswahili chake kilikuwa sanifu, kimenyooshwa, cha mtu ambaye hajawahi kupigwa na jua. Kiswahili cha mama ni cha misheni, cha mnadani na cha kisomo cha watu wazima, kile ambacho Mwalimu Nyerere alikitangazia mwaka wake mzima, mwaka 1970. Tena ni Kiswahili cha Mkurya. Sisi hatuna "l" katika lugha yetu. Tuna "r" tu, na Waswahili wa pwani wamekuwa wakitucheka kwa hilo tangu enzi. Asubuhi ya pili sauti ilimwuliza kama amekwisha kunywa dawa. Mama, ambaye siku hiyo alikuwa na akili timamu, akajibu, "Nimekura." Sauti ikafikiri kidogo, kisha ikaanza kumweleza habari za daftari la wapiga kura. Tulicheka mpaka machozi, na mama akacheka pamoja nasi bila kujua kwa nini. Lakini mtoto wa ndugu yangu hakucheka. Yeye aliona kwamba kwa mashine ile, mama yake baba yake alikuwa kosa la matamshi.

La pili lilikuwa saa. Alikuwa ameipangia kukumbusha dawa saa mbili asubuhi, nayo imeandika saa hiyo kwa tarakimu ya nane, kama Wazungu wanavyohesabu. Ilipofika ikatangaza kwa sauti ya utulivu, "Ni saa nane, wakati wa dawa." Mama akachungulia nje, akaliona jua lingali chini, akasema, "Huyu mtu ni mrevi." Unaweza kuliona hilo kuwa dogo. Mimi naona ndilo kosa kubwa la fani katika kazi yote. Ugonjwa huu, ambao madaktari huuita dimenshia, humnyang'anya mtu wakati kabla ya kumnyang'anya vingine. Anayemsaidia mgonjwa wa aina hiyo ana kazi moja ya msingi, nayo ni kumshika mkono ndani ya siku: hii ni asubuhi, hii ni jioni, umekwisha kula. Mama alikuwa bado analo jua lake. Ikaja sauti kumwambia kwamba hata jua linasema uongo.

Kisha kuna Kikurya. Ni jambo linalojulikana kwamba mtu mwenye lugha mbili akipatwa na usahaulifu, mara nyingi lugha aliyojifunza ukubwani hutangulia kuondoka, naye hurudi kwenye ile aliyonyonya. Kila jioni mama hurudi huko. Kwetu nyumbani "baba" ni mama, na "tata" ndiye baba. Usiku mmoja nilimsikia akimwita mama yake, marehemu bibi yetu, kwa lile neno la kitoto, "Baba, baba." Sauti ikamjibu kwa upole kwamba baba yake hayupo hapa, na kama angependa kumpigia mtu simu. Mwanamke wa miaka themanini na sita analia kumtaka mama yake, anajibiwa habari za mwanamume.

Sitaki kuonekana kama ninailaumu mashine kwa kuwa haikuzaliwa Tarime. Vyombo hivi vina historia yake. Siri ilitoka mwaka 2011, Alexa ya kampuni ya Amazon mwaka 2014, na zote mbili zilipotoka hazikujua neno hata moja la Kiswahili. Mwaka 2017 Google iliongeza Kiswahili katika lugha ambazo mtu anaweza kuisemea simu nayo ikaandika. Mwaka 2021 shirika la Mozilla lilitangaza mpango wa kukusanya sauti za wasema Kiswahili wanaojitolea, ili mashine zipate mahali pa kujifunzia. Hatua hizo ni kubwa, na anayezibeza hajui tulikotoka. Ila kila hatua ilianza kwa anayesema sana, ikateremka kuelekea kwa anayesema kidogo. Mama yangu yuko mwisho wa mteremko huo: mzee, hana meno ya mbele, Mkurya, na jioni hana Kiswahili.

Linganisha na jambo lililofanyika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2010 watafiti walizunguka vijiji sita huko, wakawapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na hesabu yao baada ya kusawazisha umri ikawa kwamba wazee zaidi ya sita katika kila mia wana ugonjwa huu. Kwa hiyo tuache kusema kwamba ni ugonjwa wa Ulaya. Lakini kinachonivutia zaidi kama mwalimu ni namna walivyokuja kutengeneza kipimo chao. Vipimo vya Ulaya humtaka mgonjwa achore umbo kwa kalamu. Mzee ambaye hajawahi kushika kalamu atashindwa hata kama akili yake ni wembe. Basi wao walichukua njiti za kiberiti, wakamwomba mzee azipange kama wanavyozipanga wao. Ni nani kijijini asiyejua kiberiti? Huo ndio ufundi wa kumwanzia mtu pale alipo.

Nimeyasema mabaya, sasa niseme mema, nayo si haba. Sauti ile haikuchoka. Ng'ombe wamerudi? Itajibu mara ya arobaini kama ilivyojibu mara ya kwanza, bila kuvuta pumzi, bila ule mkazo mdogo kwenye neno la mwisho ambao mgonjwa huusikia hata akiwa hajui ni mwaka gani. Kwa saa moja au mbili mchana, mama akiwa na akili yake, walizungumza vizuri. Binti alipata nafasi ya kwenda kisimani na kurudi bila kukimbia. Shemeji yangu, ambaye ndiye mwenye mzigo wa mji ule, alilala mchana kwa mara ya kwanza baada ya miezi kadhaa. Mhakiki anayepita juu ya usingizi wa shemeji yangu ili awahi kwenye falsafa, huyo simwamini.

Tena nimesikia habari ya wenzetu wa upande wa Serengeti, na kwa kuwa ni wakwe zetu nimeihakikisha kwao wenyewe. Kuna mzee wao, Mwikoma, ambaye kila mara huondoka kimyakimya kwenda kutafuta mahali walipokuwa wakiwinda alipokuwa kijana. Mahali hapo pako ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, na mzee akilini mwake yuko kabla ya tangazo. Nje ya kijiji kuna tembo. Watoto wake walimshonea simu ndani ya koti. Siku alipopotea waliipiga, nayo ikajifungua yenyewe, mwanawe akamwita kwa Kiikoma. Mzee akasimama. Akaanza kumtafuta mwanawe nyuma ya vichaka, akazunguka mti mmoja mara nyingi, mpaka walipomfikia. Kilichomwokoa pale kilikuwa sauti ya mtu anayemjua, katika lugha anayoijua, nayo ilimfanya amtafute mtu. Nimeitafakari sana tofauti hiyo, kwa sababu sauti iliyokuwa juu ya sanduku la mama haikuwahi kumfanya amtafute yeyote.

Sasa nije kwenye maudhui, yaani ukweli.

Siku ya sita mama aliiuliza sauti, "Mwenye mji yuko wapi?" Alikuwa akimwuliza mumewe. Sauti ilikuwa imelishwa habari zote, ikajibu bila kusita kwamba mume wake alifariki mwaka 1998, na kwamba inampa pole. Mama akapiga ukunga. Alimlilia baba yetu siku ile kama ndiyo kwanza mwili unaletwa uani. Jioni alikuwa amesahau. Kesho yake akauliza tena, akajibiwa tena, akafiwa tena. Siku ya tatu nilichomoa waya.

Mtoto wa ndugu yangu alikuja, akarekebisha. Sasa ilipoulizwa ilijibu, "Amekwenda mnadani, atarudi." Na kuhusu ng'ombe: "Wamerudi wote." Mama akatulia. Mimi sikutulia. Mwingereza mmoja, Tom Kitwood, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bradford, aliandika mwaka 1997 kitabu kuhusu namna watu wazima na wema wanavyowamaliza wagonjwa hawa kidogo kidogo bila kukusudia. Katika orodha yake ya madhara ametaja kumdanganya mgonjwa ili atulie. Ametaja pia kumwendea mbio, kumsemesha kwa kasi asiyoiweza. Hilo la pili mashine ililifanya kila saa: ilimngoja sekunde chache, akiwa bado anakusanya maneno ikanyamaza, au ikasema haikuelewa. Na la kwanza tuliifundisha sisi wenyewe.

Kwa hiyo mashine ilikuwa na njia mbili: ukweli unaoua kila siku, au uongo unaotuliza. Nilidhani hakuna ya tatu mpaka nilipomsikiliza yule binti. Mama alimwuliza yuko wapi mwenye mji. Binti, huku anamenya viazi, akasema, "Bibi, kwani leo umemkumbuka akifanya nini?" Mama akaanza kusimulia jinsi baba alivyokuwa akipiga litungu harusini, na jinsi alivyokatika uzi mmoja akaendelea na saba zilizobaki. Nusu saa ikapita. Hakuna aliyedanganywa, hakuna aliyefiwa. Baadaye nimesoma kwamba Mmarekani mmoja, Naomi Feil, aliishi akifundisha karibu jambo hilohilo: usimpinge, usimkubalie, mfuate kwenye hisia yake. Binti hajamsoma.

Hapa mpinzani wangu, ambaye ni mtoto wa ndugu yangu, alinibana vizuri. Alisema, "Baba mkubwa, hilo ni jepesi. Nitaifundisha mashine iulize hivyohivyo." Naye ana haki. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, pale MIT nchini Marekani, alitangaza programu iitwayo ELIZA ambayo haikujua lolote. Iligeuza tu maneno yako kuwa swali. Ukisema una huzuni, ilikuuliza kwa nini una huzuni. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alipoijaribu alimwomba mwenyewe atoke chumbani ili wazungumze faraghani. Weizenbaum aliogopa, na kwa maisha yake yaliyobaki akawa mkosoaji mkali wa kazi za namna ile.

Kwa hiyo swali la binti linaweza kuulizwa na bati. Tofauti iko wapi? Nimejibu mara nyingi kichwani na kufuta. Jibu ninalobaki nalo ni hili: mama alipokosea jina la harusi, binti alimsahihisha kwa jina la shangazi ambaye yeye mwenyewe amemjua. Hadithi ikawa na watu wawili ndani yake. Mama akifa, hadithi ile ina pa kwenda. Iliyosimuliwa kwenye sanduku imekwenda wapi? Mtoto wa ndugu yangu anasema imehifadhiwa vizuri zaidi kuliko kwa binti, na hapo tunaachana.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa mjini hawalifikirii. Sauti ilijibu pia usiku. Jirani aliyepita njiani saa saba za usiku alimsikia kikongwe anazungumza gizani na mtu ambaye si wa mji ule. Sisi tunaishi katika ukanda ambao wanawake wazee, hasa kwa majirani zetu wa Usukumani, wameuawa kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu kwa moshi wa jikoni. Sheria ya Uchawi tunayo tangu mwaka 1928. Haijawahi kuzuia mnong'ono. Ilibidi mdogo wangu aichukue simu ile mchana kweupe, aizungushe kwa majirani nyumba kwa nyumba, kila mtu aisemeshe. Tangu hapo usiku inazimwa.

Bando likiisha inakuwa bubu, mawingu yakikaa siku tatu inakufa. Hayo yanajulikana, sina haja ya kuyarefusha.

Nyumba ya pili kutoka kwetu kuna mama mwingine wa umri uleule. Hakujaliwa mtoto wa kiume, akaoa mke kwa ng'ombe zake, kwa utaratibu wetu wa nyumba ntobhu, akapata wajukuu. Leo anauliza maswali yaleyale ya mama, na anajibiwa na watu saba. Nimewahi kuandika dhidi ya desturi hiyo, kwa sababu nimewaona wasichana wanaoingizwa humo bila kuulizwa, na sifuti neno. Lakini nilipopita pale jioni nikasikia jinsi swali lake linavyopokelewa na mmoja, likaachwa, likapokelewa na mwingine, hakuna anayefika mara ya kumi na moja. Uvumilivu wote ule niliousifia mashine, kumbe ni hesabu tu ya watu.

Hukumu yangu kama mhakiki: kazi hii ina sauti nzuri na haina masikio. Inafaa kukumbusha dawa, na tumeiacha ifanye hivyo, ila kwa sauti ya binti aliyoirekodi kwa Kikurya kabla ya kuondoka, na kwa saa ya Kiswahili. Programu ya mazungumzo tumeifunga. Binti amekwenda shule. Pengo lililobaki tumeligawana: shemeji usiku, mdogo wangu mwisho wa juma, na mimi mstaafu, ambaye sikuwa na udhuru wowote zaidi ya kupenda utulivu wa nyumba yangu ya Musoma, siku nne za katikati.

Nilianza zamu yangu Januari 2025. Jioni ya kwanza sauti ya binti ilisema maneno yake juu ya sanduku, mama akanywa dawa, akatazama njia ya kisimani.

"Ng'ombe wamerudi?"

Nilikuwa nimejiandaa, na bado nilichelewa kujibu.

"Nani hajafika?" nikauliza.

Akafikiri. "Yule mwekundu," akasema. "Wa pembe moja."

Nilikuwa nimemsahau. Nilimchunga mimi. Nikamwambia mama kwamba yule alikuwa na tabia ya kuingia kwenye mtama wa watu, naye akasema si mtama, ulikuwa ulezi, na faini aliilipa yeye. Akavuta kigoda chake karibu na changu.